Nane Tatu na Uongo Mmoja

Nilimwambia rafiki yangu kwamba nilishindwa kwa bahati mbaya. Nikawaambia hivyo hivyo na wengine waliouliza, na kila niliporudia kisa kile kilizidi kunoga: nimeshika nane tatu, nimeweka dau la maana, mpinzani king'ang'anizi akafuata, karata ya kumwokoa ikaanguka. Watu walitikisa kichwa kwa huruma. Mmoja aliniagizia soda. Kisa hicho si cha kweli. Duru ile niliiharibu mwenyewe, tena kwa makosa matatu, na baadaye nikaongeza la nne kwa kumficha ukweli mtu aliyeniamini kwa pesa zake. Nitayasema yote manne kwa mpangilio wake.

Wapo watakaosema kosa lilianza pale nilipoketi kucheza karata kwa pesa. Mama yangu ni mmoja wao, na sina hoja ya kumshinda. Kamari imevunja nyumba nyingi, na sikuja hapa kuitetea. Ninaloungama ni jambo ambalo hata asiyewahi kushika karata ataliona likimhusu: nilikuwa na nguvu mkononi, nikaitumia kujifurahisha nafsi, na hasara ilipokuja nikamsingizia asiyeweza kujibu, yaani bahati.

Mchezo wenyewe ni poka, ile ya Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa wote: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla na baada ya kila ufunuo kuna zamu ya kuweka dau. Anayetaka kuendelea hufuata dau la mwenzake au huongeza. Asiyetaka hutupa karata. Kama hakuna dau lililowekwa, unaweza kugonga meza tu kwa kidole, maana yake napita, tuone inayofuata. Mwisho, mwenye karata tano bora kati ya zile saba huchukua fungu la katikati.

Wachezaji wakibaki wawili, mambo hubadilika. Kwenye meza ya watu tisa unaweza kukaa kimya ukisubiri karata nzuri. Mkiwa wawili, madau ya lazima hukufikia kila duru, kwa hiyo anayesubiri huliwa kidogo kidogo hadi aishe. Karata ambazo mbele ya watu tisa ungezitupa bila kufikiri huanza kuwa na thamani, na jozi yoyote ni mali. Sababu ni rahisi: mtu aliyeshika karata mbili zisizo jozi hukosa kupata jozi kwenye zile tatu za kwanza takriban mara mbili kati ya tatu. Mara nyingi, basi, ninyi wawili hamna kitu. Ndiyo maana siku unapokuwa na kitu kizito kweli kweli, wazo la kwanza linalokujia ni hofu. Unaogopa kwamba huyu mmoja uliyebaki naye ukimtisha atakimbia, na mali yako ibaki bila mnunuzi.

Hofu hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Tulikuwa sebuleni kwa mwenyeji wetu Upanga, Dar es Salaam, usiku wa Ijumaa. Tulianza wachezaji 12, kila mmoja ametoa shilingi 50,000. Wa kwanza angeondoka na 400,000, wa pili 200,000. Nusu ya kiingilio changu alitoa rafiki yangu wa kazini, ambaye wakati huo hakuwa akicheza kabisa. Tulikubaliana kwamba nitakachopata tutagawana nusu kwa nusu. Kila mtu alianza na chipu 5,000. Tulipobaki wawili mimi nilikuwa na 36,000, mpinzani wangu 24,000. Madau ya lazima yalikuwa 500 na 1,000. Kwa kila hali mimi ndiye niliyekuwa juu.

Mpinzani alikuwa mzee mstaafu ambaye sote tulimwita Mjomba. Karata alijifunzia barazani, kwa arubastini, na poka aliipata ukubwani. Tabia yake mezani ilijulikana na kila mtu: alipenda kuona. Ukiweka dau, anafuata. Ukiongeza, anashusha pumzi, anahesabu chipu mbilimbili kwa kidole gumba, anasema, "Haya, tuone mwanangu," kisha anafuata. Lakini kuanzisha dau mwenyewe ilikuwa nadra sana. Usiku mzima sikumwona akifanya hivyo ila akiwa na karata za kuvunja meza.

Mchezaji wa namna hiyo ana kanuni mbili tu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine. Ukiwa huna kitu, usimpigie mkwara, kwa sababu hatupi. Ukiwa na kitu, mtoze pesa, kwa sababu analipa.

Zamu ya kugawa ikawa yangu. Nikafunua pembe za karata zangu: nane ya kopa na nane ya pau. Nikaongeza hadi 2,500, Mjomba akafuata. Katikati kukawa na 5,000. Zikatoka tatu za kwanza: ghulamu wa shupaza, nane ya shupaza, nne ya uru. Nane tatu! Mwenye jozi mkononi hupata ya tatu yake hapo takriban mara moja katika kila nane au tisa, kwa hiyo moyo ulinidunda hadi nikainua glasi ya chai ya tangawizi ili mkono upate kazi ya kufanya. Mjomba, ambaye kwa utaratibu wa wachezaji wawili alitangulia, akagonga meza. Sasa uamuzi ulikuwa wangu.

Nami nikagonga meza.

Kosa la kwanza lilitangulia kidole changu. Niliamua nitakavyocheza kabla sijamtazama niliyekuwa nacheza naye. Asili ya ugonjwa huo naijua. Mwaka 1998 ilitoka filamu ya Rounders, ambamo Matt Damon ni mwanafunzi wa sheria mwenye kiu ya poka. Ndani yake mna picha halisi za fainali ya World Series of Poker ya mwaka 1988, kule Binion's Horseshoe, Las Vegas. Wamebaki wawili: Johnny Chan, bingwa wa mwaka uliotangulia, na Erik Seidel. Chan ameshika ghulamu na tisa. Mezani kuna bibi, kumi na nane. Tayari ana mfululizo wa nane hadi bibi, na kwa karata zile tatu hakuna mkono unaoweza kumshinda. Seidel ana jozi ya bibi. Chan anaficha makali yake, anamwacha mwenzake ajiamini, hadi Seidel mwenyewe anasukuma chipu zake zote katikati. Chan anafuata, anatwaa ubingwa wa pili mfululizo na dola 700,000.

Nilipoiona filamu ile niliamini kwamba hivyo ndivyo mabingwa wanavyocheza karata nzito: wanajilaza, wanavizia. Sikujiuliza Chan alikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho. Alikuwa na mkono usioshindika kwa wakati ule. Na alikuwa na mpinzani aliyekuwa tayari kusukuma pesa mwenyewe. Seidel, ambaye baadaye aliingizwa katika jumba la heshima la poka, si mtu wa kukaa akifuata madau ya wengine tu. Mtego wa Chan ulimfaa mtu wa aina hiyo. Mimi nilimtegea mzee ambaye hasukumi chochote ila akiwa ameshashinda.

Hata methali niliipinda. Nilipokuwa nagonga meza nilijiambia kimoyomoyo, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nilisahau kwamba simba huyo, kwa upole wake wote, anakwenda. Mimi nilikuwa nimekaa.

Kosa la pili ni karata ya bure. Mezani mlikuwa na shupaza mbili. Mtu yeyote mwenye shupaza mbili mkononi alihitaji moja tu ili awe na tano na kunipita. Kwa macho yake kuna karata 47 asizozijua, na kati yake shupaza ni 9. Yaani karata inayofuata itamfaa karibu mara moja katika tano. Kama ningeweka dau la 3,000, angelazimika kulipa 3,000 ili kupigania fungu lililofika 8,000. Hiyo ni bei ghali kwa nafasi moja katika tano. Na kwa kuwa alikuwa Mjomba, angelipa. Angelipa akiwa na shupaza mbili, angelipa akiwa na ghulamu, pengine angelipa hata akiwa na nne. Pesa ile ilikuwa inaniomba niichukue, nami nikaikataa, nikampa mzee wa watu tiketi bila nauli.

Nisiseme uongo mwingine: kwa karata alizokuwa nazo usiku ule, dau langu lisingemfukuza. Angefuata, na karata iliyotoka ingetoka vile vile. Inawezekana ningepoteza duru ile hata kwa mchezo sahihi. Lakini uamuzi haupimwi kwa karata moja iliyoanguka. Unapimwa kwa zote ambazo zingeweza kuanguka, na karibu mara nne kati ya tano ningekuwa nimemtoza mtu pesa akiwa nyuma yangu.

Jambo hili halikuanza na wacheza kamari. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest, alilichambua katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern kilichotoka mwaka 1944. Alitengeneza poka iliyorahisishwa ya watu wawili, akatafuta namna bora ya kuicheza. Jibu lake lingewashangaza wengi wa pale Upanga: weka dau kwa karata zako bora kabisa na kwa baadhi ya zile mbovu kabisa, zile za wastani, gonga meza. Karata mbovu unazoziwekea dau ndizo mkwara, na kazi yake mojawapo ni kumfanya mpinzani asijue, ili dau la karata zako bora nalo lilipwe. Mimi usiku kucha niliweka dau kwa karata za wastani, na ilipokuja bora nikagonga meza. Nilikuwa nimeigeuza hesabu ya mtu yule juu chini.

Atatokea msomaji mjuzi aseme kwamba kuficha nguvu nako ni sehemu ya mchezo. Ni kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao iitwayo Cepheus imeumaliza, kwa maana ya kivitendo, mchezo wa Hold'em ya watu wawili yenye madau yaliyowekewa kikomo. Moja ya mambo waliyoeleza ni kwamba programu hiyo, ikiwa ndiyo mgawaji, ni nadra mno kufikia nyongeza ya mwisho inayoruhusiwa kabla ya karata za mezani, hata ikiwa imeshika jozi ya ree, mkono mkubwa kuliko yote. Inafuata tu. Lakini tazama inavyojificha: inafuata dau ambalo mwenzake ameshaliongeza. Pesa inaendelea kuingia katikati, na hakuna karata ya bure iliyotolewa. Kujificha huko na kugonga kwangu meza ni vitu viwili tofauti.

Karata ya nne ilikuwa mbili ya shupaza. Sasa mezani mlikuwa na shupaza tatu. Mjomba akaitazama, akatazama chipu zake, akazihesabu mbilimbili, akasogeza 3,000. Hakusema "tuone". Hakusema kitu.

Hapo ndipo penye kosa la tatu, na ndilo lililobeba chipu nyingi kuliko yote. Mtu asiyeanzisha dau ameanzisha dau, mara tu baada ya shupaza ya tatu kutua. Mtoto angeelewa. Mimi nilifurahi. Nilijiambia mtego umenasa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye filamu: mwenzako anaweka dau, wewe unammeza. Nilikuwa na haki ya kufuata zile 3,000. Zilikuwapo karata 10 ambazo zingeirudia moja ya zilizokuwa mezani na kunipa mkono wa kuzishinda hata shupaza zake tano: ghulamu tatu, nne tatu, mbili tatu, na nane moja iliyobaki. Kumi kati ya 44 ambazo hazikuwa mikononi mwetu wala mezani si haba kwa bei ile. Lakini mimi sikufuata. Nilisukuma chipu zote.

Mjomba alifuata hata kabla sijaondoa mikono. Akaweka mezani mfalme wa shupaza na sita ya shupaza. Karata ya tano ikatoka bibi wa kopa, isiyonifaa kwa lolote. Yeye akawa na 48,000, mimi 12,000, na hazikukaa muda mrefu.

Alipokuwa akizipanga chipu zake alinipa pole. Kisha akasema neno ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu: "Lakini pale mwanzo mbona hukuniuliza pesa, mwanangu? Ningekupa." Alisema bila kejeli. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mzee niliyemdhani hajui poka alikuwa ameshanisahihisha kwa sentensi mbili.

Kosa la nne nililifanya kesho yake kazini. Nilimkabidhi rafiki yangu 100,000, nusu ya zawadi ya wa pili. Kama tungeshinda angepata 200,000. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza duru ile, ila nilipofika kwenye zile karata tatu za kwanza, badala ya kusema niligonga meza, nilisema niliweka dau la 3,000 na mzee akafuata. Neno moja tu. Kila kitu kingine nilikisema kama kilivyokuwa.

Nimelifikiria sana neno lile. Sikubuni kwamba nilikuwa na karata bora zaidi, wala kwamba mzee aliiba. Nilibuni dau. Maana yake nilijua vizuri kilichostahili kufanywa. Nilijua tangu pale mezani, kabla ya kidole kugonga. Uongo wangu ulikuwa na mchezo sahihi ndani yake, na hilo linaninyima hata kisingizio cha kutojua. Sikukosea kwa ujinga. Nilitaka duru yenye hadithi nzuri, na nilipoikosa mezani nikaitengeneza mdomoni.

Ningekaa na siri hiyo hadi leo kama rafiki yangu asingeanza kucheza. Alijifunza taratibu, kwa kuuliza na kutazama. Siku moja tukiwa wote mezani alishika karata nzito, akagonga meza duru nzima, akapigwa. Nilimfuata pembeni nikamuuliza kwa nini hakuweka dau. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Kwa ajili ya ile nane tatu yako. Wewe uliweka dau na bado alifuata akakupiga. Nikaona bora kuvizia."

Nilimweleza ukweli pale pale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema pesa angenisamehe siku ile ile. Kinachomuudhi ni kwamba amekuwa akijifunza kutokana na duru ambayo haikuchezwa. Sikuwa na jibu. Nilijaribu kumrudishia 100,000 aliyoikosa, akakataa, akasema aliyeweka pesa yake kwenye karata ameshakubali kushindwa, ila hakukubali kudanganywa. Yuko sahihi kwa yote mawili.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ukibaki na mtu mmoja mezani na karata zako ni nzito, mtazame yeye kwanza. Kama ni mtu wa kulipa, mtoze, na usimpe karata ya bure kwa kuogopa atakimbia. Akikimbia umechukua kilichopo. Kama ni mtu wa kusukuma, na mezani hapana hatari, unaweza kumwachia kamba kidogo. Kimya kikivunjwa na mtu asiyezoea kukivunja, msadiki. Na ukishindwa, isimulie duru kama ulivyoicheza, hasa mbele ya anayejifunza kutoka kwako, kwa sababu hasara ya karata inaisha mezani lakini kisa cha uongo mwenzako atakichezea pesa zake.